Blogu Yako Haionekani Google? Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Makosa ya SEO kwa Wanablogu wa Nyanda za Juu Kusini

Simama asubuhi sokoni Mwanjelwa uangalie watu wanavyotumia simu zao. Mnunuzi wa viazi aliyekuja na gari kutoka Dar es Salaam anataka kujua bei kabla hajakutana na dalali. Anaandika Google kwa kidole gumba: bei ya viazi mbeya leo. Hakuna herufi kubwa wala alama ya kuuliza. Ana haraka, na bando lake ni la siku moja. Hatua hamsini kutoka aliposimama kuna kijana mwenye blogu ambaye jana usiku aliziandika bei hizohizo. Mnunuzi hatamwona. Makala ya kijana imepewa jina "Neema Yawashukia Wakulima Wetu", bei zenyewe zimo ndani ya picha ya ubao aliyoipiga kwa simu, na ukurasa mzima una picha nane nzito.

Kijana huyo ni rafiki yangu. Mimi ninaandika blogu ya kilimo na safari za huku kwetu, na mwongozo huu wa SEO, yaani kazi ya kuifanya blogu ionekane kwenye majibu ya Google, umetokana na siku tulizokaa pamoja kuikagua blogu yake, pamoja na blogu za wenzetu wa Uyole, Tukuyu, Makambako na Iringa mjini walioniomba niwaangalizie zao. Watu hawa wanakijua wanachokiandika. Wanachokosa ni kumsikiliza anayetafuta: anauliza kwa maneno gani, ameshika simu ya aina gani, anataka nini sasa hivi. Makosa karibu yote nitakayoyataja yanatoka hapo, na karibu yote yanatibika bila kumlipa mtu.

Fuata mpangilio huu ulivyo. Ukirukia hatua ya tatu kabla ya ya kwanza, utatoka jasho kwenye ukurasa ambao Google haina habari nao.

Hatua ya 1: Hakikisha mlango uko wazi

Blogu yangu ya kwanza ya WordPress ilikaa miezi kadhaa bila mgeni hata mmoja kutoka Google. Nilibadilisha vichwa, nikabadilisha themu (mwonekano wa blogu), nikaandika usiku na mchana. Aliyenitengenezea alikuwa ameizuia isiingizwe kwenye Google wakati bado inajengwa, kisha akanikabidhi bila kuondoa kizuizi hicho. Alama moja kwenye kisanduku ilinigharimu msimu mzima wa kilimo. Iliniuma, ndiyo maana ninaanza nayo.

Kwenye WordPress fungua Settings, kisha Reading, ushuke hadi chini. Ukikuta kisanduku cha "Discourage search engines from indexing this site" kina alama, iondoe na uhifadhi. Kwenye Blogger nenda Settings, sehemu ya Privacy, uhakikishe "Visible to search engines" imewashwa.

Halafu fungua Google uandike site: ikifuatiwa na anwani ya blogu yako bila kuacha nafasi. Zitatokea kurasa ambazo Google inazo. Orodha hiyo huwa si kamili, lakini ikirudi tupu kwa blogu yenye miezi sita, kuna mlango umefungwa mahali.

Kipimo cha uhakika ni Google Search Console. Ni huduma ya bure inayokuonyesha Google inavyoiona blogu yako, na ndicho chombo cha kwanza ninachomwomba kila mtu afungue, kabla ya plagini yoyote, zile programu ndogo za kuiongezea blogu uwezo. Ukishathibitisha kwamba blogu ni yako, bandika anwani ya makala moja kwenye kisanduku cha juu kabisa. Utaambiwa kama imo kwenye faharasa ya Google (orodha ya kurasa ilizozihifadhi) au haimo, na kama haimo, sababu yake. Sababu mbili huwachanganya watu. "Discovered" maana yake Google imeijua anwani hiyo ila haijaitembelea bado. "Crawled" bila kuingizwa maana yake imetembelewa, ikasomwa, ikaachwa. Mara nyingi ni kwa sababu haikuwa na kitu kipya cha kumpa msomaji. Ya kwanza huhitaji subira na viungo zaidi vinavyoelekea kwenye ukurasa huo. Ya pili huhitaji uandike upya.

Ukiwa humohumo, wasilisha ramani ya tovuti yako, yaani orodha ya kurasa zake. WordPress tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020 huitengeneza yenyewe, jina lake wp-sitemap.xml. Kwenye Blogger ni sitemap.xml. Andika jina hilo palipoandikwa Sitemaps, bonyeza, basi. Na usiwe unabonyeza "Request indexing" kila asubuhi kwa makala ileile. Kuomba mara kumi hakuharakishi kuliko kuomba mara moja.

Wenye Blogger wengi wamenipigia simu kwa hofu baada ya kuona onyo kwamba kurasa zao zimezuiwa na robots.txt, faili linaloiambia Google kurasa zipi isizitembelee. Ziangalie anwani zenyewe. Kama zina neno /search/label, hizo ni kurasa za lebo, na Blogger huzizuia kwa makusudi. Makala zako ziko salama. Kuna ndugu mmoja aliyelifuta faili lake la robots.txt na kubandika jingine alilookota mtandaoni, akaifungia blogu nzima. Usiguse faili hilo kama hujui kila mstari unasema nini.

Hatua ya 2: Tumia maneno ya anayetafuta

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba kichwa kizuri ni kile chenye mafumbo. Gazeti linaweza kuandika "Neema Yawashukia Wakulima" kwa kuwa msomaji ameshalishika mkononi. Kwenye Google hakuna anayetafuta neema. Anatafuta bei, mbegu, mbolea, dawa ya ukungu, au nauli.

Chukua daftari. Andika kitu kimoja unachokijua vizuri, tuseme viazi. Sasa jiulize watu wanakiitaje. Huku kwetu tunasema viazi mviringo, wengine wanasema viazi ulaya, na msomaji wa Zanzibar atatafuta mbatata. Makala inayotumia jina moja tu mwanzo hadi mwisho inamwacha nje mtu wa jina jingine. Huhitaji kuyarundika yote kwenye kichwa. Weka lile la watu wengi kwenye kichwa, na hayo mengine uyaseme mahali panapostahili ndani ya aya ya kwanza au ya pili: "viazi mviringo, ambavyo wengine huviita viazi ulaya au mbatata".

Majina ya mahali nayo yana mtego wake kwetu, na sijaona mwongozo wa SEO unaoutaja. Mipaka ya mikoa ilibadilika, midomo ya watu haikubadilika. Kimondo cha Mbozi kiko Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini watu bado wanaandika "kimondo mbeya". Makete ilikuwa Iringa, ikahamia Mkoa wa Njombe mwaka 2012, na wapo wanaoitafuta kwa jina la zamani. Ukiandika kuhusu Hifadhi ya Kitulo, msomaji mmoja anaijua kama Kitulo, mwingine kama Bustani ya Mungu; mmoja anaitafuta kwa kuandika Mbeya, mwingine Njombe. Eleza ukweli wa kijiografia kwa sentensi moja yenye majina hayo yote na umewahudumia wote bila kumdanganya yeyote: "Kimondo kiko wilayani Mbozi, Mkoa wa Songwe, eneo ambalo zamani lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya."

Kupata maneno yenyewe hakuhitaji programu ya kulipia. Fungua Google kwenye simu, andika "viazi mviringo" usibonyeze chochote, usome mapendekezo yanayoshuka chini. Ongeza herufi moja mbele: viazi mviringo b, viazi mviringo m. Kila pendekezo ni jambo ambalo watu wamelitafuta. Shuka hadi mwisho wa majibu uone utafutaji unaofanana. Kisha ufanye kile ambacho mtu wa Dar hawezi kukifanya kwa niaba yako: keti kwenye duka la pembejeo nusu saa, pale Soweto au Makambako, usikilize. Mkulima akiingia hasemi "naomba kiuatilifu cha kudhibiti mnyauko". Anasema viazi vyangu majani yanakauka kuanzia chini, mnanipa dawa gani. Iandike sentensi hiyo kwenye daftari kama ilivyo. Hicho ndicho kichwa chako kidogo, na hapohapo chini yake ulitaje jina la kitaalamu la ugonjwa.

Baada ya hapo tenganisha maswali. Anayetafuta bei ya viazi na anayetafuta namna ya kulima viazi ni watu wawili. Wa kwanza ana gari limesimama, wa pili ana shamba analotaka kulitayarisha kabla ya mvua za Novemba. Ukiwaweka kwenye ukurasa mmoja, wa kwanza atapitia aya sita za mbolea kabla hajaiona bei, atatoka. Ukurasa mmoja, swali moja kubwa, na maswali madogo yanayolizunguka.

Kuna kosa la upande wa pili, la kulipenda neno kupita kiasi. Hii ni aya niliyoikuta kwenye blogu ya mwenzetu, nimebadilisha kidogo tu: "Kilimo cha parachichi Rungwe ni kilimo bora. Ukitaka kilimo cha parachichi Rungwe, soma kilimo cha parachichi Rungwe hapa ujue kilimo cha parachichi Rungwe." Isome kwa sauti mbele ya mama yako. Google inaitambua mbinu hii na kuihesabu kama udanganyifu. Lakini hata isingeitambua, hakuna mkulima atakayemwamini anayezungumza hivyo. Andika kama unavyomweleza mtu: mara moja useme kilimo cha parachichi, mara nyingine miche, shamba, mavuno, miti. Maneno jirani yenyewe yanaonyesha unazungumzia nini.

Na lile eneo la "keywords" ambalo baadhi ya themu na plagini bado zinalo, liache wazi. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba hailitumii kupanga matokeo.

Jambo la lugha nalo. Nimekuta makala ya Kiswahili safi yenye kichwa cha Kiingereza, kwa imani kwamba Google inapenda Kiingereza. Google huitambua lugha ya ukurasa kwa kusoma maandishi yanayoonekana. Kichwa kikisema hivi na mwili ukisema vile, umemchanganya msomaji na mtambo kwa pamoja. Chagua lugha moja kwa ukurasa mmoja. Ukitaka na ya Kiingereza kwa ajili ya watalii wa Kitulo na Ruaha, iandike kwenye ukurasa wake peke yake, uiandike mwenyewe au uihakiki neno kwa neno. Kumwaga makala mia zilizotafsiriwa na mashine bila mtu kuzipitia kunaweza kukufanya uondolewe kwenye matokeo.

Hatua ya 3: Kichwa, anwani na maelezo mafupi

Kichwa kianze na jambo lenyewe. Kwenye simu kirefu hukatwa, hivyo maneno muhimu yawe mwanzoni. Mimi na rafiki yangu tuliibadilisha "Neema Yawashukia Wakulima Wetu" ikawa "Bei ya Viazi Mbeya Leo: Gunia, Debe na Kilo Soko la Mwanjelwa". Haina ushairi. Mnunuzi akiiona anajua amefika.

Anwani ya ukurasa iwe fupi na isomeke. Kwenye WordPress fungua Settings, kisha Permalinks, uchague "Post name" badala ya ile yenye ?p=123. Fanya hivyo mapema blogu ikiwa changa. Kwenye Blogger iandike mwenyewe upande wa kulia kabla hujachapisha. Mwaka na mwezi utakaa tu, haukudhuru. Kwa wanaoandika kuhusu mifugo: alama ya ng' kwenye ng'ombe huondoka katika anwani na kubaki ngombe. Acha iwe hivyo, ila ndani ya makala uandike sahihi.

Ukishachapisha, usiibadilishe anwani ovyo. Nimeona mtu akisafisha anwani za makala themanini usiku mmoja, asubuhi yake kila kiungo kilichokuwa WhatsApp na Facebook kinafungua ukurasa wa kosa. Ikibidi, weka maelekezo ya kudumu, yale ya 301, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Blogger ina sehemu yake kwenye Settings, chini ya Errors and redirects. WordPress kuna plagini za bure.

Maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa hayakupandishi nafasi, lakini ndiyo yanayomshawishi mtu abonyeze. Sentensi mbili zenye jibu nusu zinatosha. Google ikiona hayafai itachukua sentensi nyingine kutoka kwenye makala yako, sababu nyingine ya kuandika sentensi nzuri humo ndani.

Hatua ya 4: Makala yenyewe ijibu

Jibu liwe juu. Tuna tabia ya kuanza na historia: kiazi kilitoka Amerika ya Kusini, kikaletwa na wakoloni, na kadhalika. Iweke chini kama unaipenda. Kwa ukurasa wa bei, mistari ya mwanzo iwe na tarehe, soko, kipimo na bei. Kipimo hasa! Kusema "gunia" bila kueleza ni gunia gani ni kumdanganya mnunuzi, maana wapo wanaouza gunia la kilo 100 na wapo wanaoendelea kufunga lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi) ingawa sheria ya vipimo inakataza. Ukiandika "gunia la kilo 100, soko la Mwanjelwa, Jumanne saa moja asubuhi", umeandika kitu ambacho hakuna blogu ya kunakili inayoweza kukishindanisha.

Bei iwe maandishi, isiwe picha. Ubao wa soko uliopigwa picha unapendeza, uweke kama ushahidi, lakini kila namba iliyomo uiandike upya kwenye jedwali au orodha. Usitegemee Google isome chaki kutoka kwenye picha, na asiyeona anayesomewa na simu yake hatapata kitu kabisa. Kwenye maelezo mbadala ya picha andika kinachoonekana: "Ubao wa bei za viazi na mahindi, soko la Mwanjelwa". Usiandike orodha ya maneno ya utafutaji pale.

Kunakili ni ugonjwa wetu. Taarifa moja ya habari huchapishwa neno kwa neno na blogu thelathini, na kila mwenye blogu anashangaa kwa nini yake haionekani. Google inaonyesha moja, na mara nyingi si yako. Ni vivyo hivyo kwa matokeo ya mitihani na matangazo ya ajira: Baraza la Mitihani lina tovuti yake, na mtahiniwa akifika kwako kwanza atatoka ndani ya sekunde tatu akaendelea kutafuta. Najua yanaleta wageni siku moja kwa mwaka. Mimi nimeacha kabisa, na ningependa na wewe uache, kwa sababu saa ulizotumia kukimbizana na mablogu mia zingetosha kuandika ukurasa mmoja wa njia ya kwenda Ziwa Ngozi: unaachia wapi barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, njia ya msituni ina hali gani mvua zikinyesha, viatu gani vinafaa. Huo utasomwa kila mwezi.

Kuhusu programu za akili bandia: Google haikatazi kuzitumia. Ilichopiga marufuku waziwazi, katika kanuni zake za Machi 2024, ni kuzalisha kurasa kwa wingi ili tu zipande kwenye matokeo, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Tatizo langu nazo ni jingine. Ukiiuliza mashine kuhusu kilimo cha viazi itakupa ushauri wa jumla usiojua baridi ya Uporoto wala udongo wa Njombe. Mkulima akiufuata akakosa mavuno, jina lililo juu ya makala ni lako. Kwenye afya nakuomba sana usithubutu. Makala za dawa za mitishamba na kisukari zilizookotwa zinaumiza watu.

Weka ukurasa wa "Kuhusu" wenye jina lako, unakoishi na unachokifanya. Andika ulichokishuhudia kwa macho yako, tia picha uliyopiga mwenyewe. Mwishoni mwa 2022 Google iliongeza "uzoefu" kwenye mwongozo wa watu wanaoitathminia ubora wa matokeo yake, na kwetu tunaoishi karibu na mashamba hiyo ni nafasi ambayo hakuna wa kutunyang'anya.

Hatua ya 5: Punguza uzito

Google huisoma blogu yako kama inavyoonekana kwenye simu. Kwa hiyo ipime kwa simu, na iwe simu ya bei nafuu, mahali ambapo mtandao unayumba. Panda daladala mpaka Igawilo uifungue humo. Utaelewa haraka kuliko maelezo yoyote.

Hesabu ni hii. Picha moja ya simu ya kisasa inaweza kuwa na MB 4. Picha nane za Kitulo ni MB 32. Msomaji mwenye bando la MB 100 umemla theluthi yake kwa makala moja. Punguza upana wa kila picha hadi pikseli 1,200, uihifadhi kama WebP au JPEG yenye ubora wa wastani; nyingi zitashuka hadi kati ya KB 100 na 200. Zile nane sasa hazifiki hata MB 2, na maua yanaonekana vilevile. Programu ya Squoosh inafanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari.

Ipime kwenye PageSpeed Insights, chombo cha bure cha Google cha kupima kasi ya ukurasa, uangalie upande wa simu. Lengo la Google ni kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Usihangaike kutafuta alama 100. Angalia tu kinachochelewesha: kwa wengi wetu ni picha, ikifuatiwa na matangazo yanayofunika maandishi, themu yenye madoido, na plagini ishirini ambazo nusu yake hukumbuki uliziweka kwa nini. Zitoe. Dirisha linaloruka usoni likimwomba mtu ajiunge na kundi la WhatsApp kabla hajasoma hata mstari mmoja, litoe nalo.

Hatua ya 6: Viungo

Makala isiyounganishwa na nyingine yoyote ni kama nyumba isiyo na njia. Kila ukichapisha mpya, rudi kwenye makala tatu za zamani zinazohusiana uweke humo kiungo cha kuja huku. Maneno ya kiungo yaseme kinachofuata. "Bonyeza hapa" haimwelezi mtu chochote. "Jinsi ya kuhifadhi mbegu za viazi" inamweleza.

Viungo vya nje usivinunue. Wapo wanaokuuzia viungo 500 kwa shilingi elfu kumi, na Google imekuwa ikiwaandama kwa muda mrefu; mwaka 2012 ilitoa badiliko lililoitwa Penguin. Tafuta vya haki: chama cha ushirika ulichokiandikia habari, nyumba ya wageni ya Matema uliyoieleza vizuri, mwongoza watalii wa Isimila. Waandikie kwa adabu, wape kiungo cha makala inayowahusu, uwaulize kama ingewafaa wageni wao. Wawili wakikubali kati ya kumi umepata kitu cha thamani.

Hatua ya 7: Unganisha zinazogombana

Ukiwa na makala nne za "kilimo cha viazi", zinanyang'anyana nafasi. Chagua iliyo bora, hamishia humo mazuri ya zile tatu, kisha anwani zao uzielekeze kwake.

Kosa hilihili tunalifanya kwa mambo ya kila mwaka. Nane Nane ya Mbeya hufanyika viwanja vya John Mwakangale, na kila mwaka mwenzetu anafungua ukurasa mpya wenye mwaka kwenye anwani, tarehe 5 Agosti, siku tatu kabla ya kilele. Fungua mmoja tu wenye anwani isiyo na mwaka, usasishe yaliyomo kila Juni, kichwa ukibadilishe mwaka. Nguvu iliyojengeka mwaka jana inaendelea. Lakini kubadilisha tarehe peke yake huku maandishi ni yaleyale ni udanganyifu, na msomaji huugundua.

Hatua ya 8: Soma Search Console mara moja kwa mwezi

Usiangalie kila saa. Mabadiliko huchukua wiki, mara nyingine miezi. Weka siku moja ya mwezi, fungua sehemu ya Performance, uchague miezi mitatu iliyopita, uwashe mibofyo, mara ulizoonekana na nafasi. Chuja maneno yaliyo kati ya nafasi ya 8 na ya 20. Hayo ndiyo yaliyo mlangoni. Fungua ukurasa wa kila neno, ujiulize kama kweli unalijibu, uongeze kinachokosekana, upeleke viungo viwili vya ndani. Kisha angalia maneno yenye kuonekana kwingi na mibofyo kidogo. Hapo kichwa chako ndicho hakivutii.

Mwisho, pitia orodha yote ukitafuta maneno ambayo hukuyaandikia kabisa. Rafiki yangu, mwezi wa tatu baada ya kurekebisha ule ukurasa wa bei, alikuta watu wanaufikia kwa kuuliza "lumbesa moja ni kilo ngapi". Hakuwa ameandika popote. Aliniuliza ajibu nini, nikamwambia sijui kwa uhakika, maana kila mfungaji anafunga kivyake. Jumamosi iliyofuata alikwenda Mwanjelwa saa kumi na mbili asubuhi, akaomba mizani, akaanza kupima.